Michembe Minane

Mimi ni mfinyanzi, na kwa miaka yote niliyofinyanga nilijulikana Kishapu kwa jambo moja tu: chungu changu hakivuji. Kwa umbo wapo walionishinda, akiwemo jirani yangu Eunice, ambaye shingo za mitungi yake ni nyembamba hadi unaona wivu. Vyangu vilikuwa vinene, vizito, vimepinda kidogo upande mmoja, lakini ukitia maji jioni unayakuta yote asubuhi. Kwenye gulio la Mhunze nilikuwa najaza maji chungu kimoja, nakiweka juu ya gazeti kavu, halafu nakaa pembeni kimya. Gazeti ndilo lililonitangazia biashara. Nayasema haya mapema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani kabla sijaajiriwa kutengeneza vyungu vinavyovuja.

Jina langu Mageni. Nilizaliwa siku nyumba ya baba ilipojaa wageni, na mama alinisimulia kwamba alinizaa huku anauliza kama ugali umetosha. Tangu hapo wageni wakitajwa tu, akili inanitoka. Nitafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, nitachinja kuku anayetaga, nitajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Likumbukeni jina hilo, maana ndilo lililoniponza.

Kitu kingine cha kunijulia ni meno. Kisima chetu cha pampu kina maji baridi, meupe kwa macho, na yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mimi kwa ulimi wangu wa Kisukuma naiita folaidi hadi leo. Ukiyanywa tangu utotoni, meno ya ukubwani yanaota yakiwa na mabaka ya kahawia, na kwa wengine hata mifupa ya miguu inapinda. Miguu yangu ilinusurika. Meno yangu yana rangi ya chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Kwa hiyo nikicheka naziba mdomo kwa kiganja, na kwa kuwa napenda kucheka, mkono wangu wa kulia umekuwa na kazi mbili maisha yote, kufinyanga na kuficha. Iko picha ya harusi ya binti yangu Suzana ambamo ukoo mzima umefumba midomo. Mtu asiyetujua atadhani tulipigwa picha msibani.

Suzana ni muuguzi katika zahanati ya kijiji. Mumewe, Onesmo, ni Mzinza wa upande wa Geita, na kazi yake iko Rwamgasa, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Anakuja kwetu kila anapopata nafasi. Mtoto wao Nelly, anayekaribia miaka mitatu, amelelewa mgongoni kwangu, na nikisema ukweli, ndiye aliyenilea mimi tangu mume wangu Bujiku alipofariki. Bila Nelly ningekuwa naongea na vyungu.

Sasa, kwa desturi yetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Tangu amwoe Suzana, Onesmo ananiamkia shikamoo huku anatazama miti, nami naitikia marahaba huku natazama kuku. Akiwa na neno la kuniambia, anamwambia Nelly, nami namjibu kupitia kwa Nelly, ambaye muda wote huo anakula mchanga. Mambo mazito ya familia yetu yamepitia kwenye masikio yale madogo, na sijui kama hata moja lilikaa humo.

Siku moja Onesmo alikuja akasimama nje ya jiko langu, amempakata mtoto, akaanza kumweleza Nelly kwamba meno yake ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi, ndani ya ufizi, na kwamba maji ya bibi yakiendelea kuwa haya haya, baba atamhamishia Rwamgasa kwa bibi yake mwingine. Mama naye angeomba uhamisho awafuate. Nikamwambia Nelly amkumbushe baba yake kwamba Rwamgasa watu wanachoma zebaki kwenye uwanja ule ule wanaopikia, na kwamba moshi ule haujui kifua cha mtoto. Onesmo akamjibu Nelly kwamba analijua hilo, ndiyo maana bado hajamchukua. Anachagua kati ya sumu mbili, na kuchagua kwenyewe kumemchosha. Angengoja hadi pamba ivunwe.

Halafu akasema taratibu, "Nelly, mwambie bibi yako, na wewe umeshaanza kuziba mdomo ukicheka."

Nikamtazama mtoto. Nikamtekenya kidogo chini ya kwapa. Akacheka, na kiganja chake kikapanda kikafunika meno ya maziwa meupe pe, meno ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kufichwa. Alikuwa amenisoma mimi. Nikarudi jikoni nikajifanya moto umezimika.

Ndipo akaja Asteria. Ni mhandisi wa kemia, binti mrefu wa Kihaya aliyefika kwa pikipiki akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Tuliitwa wafinyanzi wote kwenye ofisi ya kijiji. Spika ilikuwa mbovu, jirani mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na mimi nilikaa nyuma kabisa kwa sababu nilichelewa nikibadilisha kitenge. Nilichosikia ni kwamba anatafuta wanawake wa kutengeneza vyungu vya kutoa folaidi kwenye maji, kwa udongo wetu wenyewe na michembe minane.

Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba vikaanikwa. Ndicho chakula chetu cha kiangazi. Sikushangaa hata kidogo. Niliona ni jambo la akili kwamba hatimaye wasomi wamegundua faida ya michembe, nikawa najivunia kabila. Nilirudi nyumbani nikachagua vipande vinane vizuri, vyeupe, visivyo na mdudu, nikavifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia Eunice, na ukimwambia Eunice umeliambia gulio. Asubuhi yake Asteria alikuta foleni ya wanawake, kila mmoja na kifurushi chake. Eunice alileta tisa, kwa tahadhari.

Asteria aliuliza vile ni vya nini. Nikamweleza kwa niaba ya wenzangu, kwa sauti ya mtu aliyehudhuria mkutano. Akakaa chini, akacheka hadi machozi yakachora mistari kwenye lile vumbi. Alichosema, kumbe, ni chembe za nano. Nano ni kipimo cha udogo. Uchukue unywele mmoja wa Nelly, uupasue kwa urefu mara maelfu, uzi mmoja utakaobaki mkononi, ambao hutauona, ndio unaanza kukaribia nano.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kishapu wakati wa kiangazi ni ngumu. Nikaanza kufunga vipande vyangu. Asteria akanishika mkono akaniomba nimwachie. Aliuliza kwa nini kiazi kizima ukikianika kinaoza lakini michembe inakauka. Nikamwambia ni kwa sababu jua linapata pa kushika. Akasema basi somo ni hilo hilo. Kata michembe tena, na tena, hadi jicho lishindwe. Kitu ni kile kile, uzito ni ule ule, ila pa kushika panaongezeka kila ukikata. Konzi moja ya chembe zake, ukijumlisha ngozi zake zote, ingeweza kufunika shamba. Folaidi ikipita karibu na ngozi hizo inanasa. Tangu siku ile katika karakana aliyotufungulia hakuna anayesema chembe za nano. Hata Asteria mwenyewe, akiandika kwenye ubao, anaandika michembe.

Kazi yenyewe ilinitesa. Udongo tuliuchekecha, tukauchanganya na maganda ya mbegu za pamba yaliyosagwa. Chungu kikichomwa kwa moto mkali, maganda yanaungua yanatoweka, na mahali yalipokuwa panabaki vitundu vingi vidogo. Kwa maneno mengine tulikuwa tunatoboa chungu kwa makusudi. Mimi, mwanamke wa gazeti kavu.

Michembe ilitengenezwa kwenye pipa la bluu nyuma ya karakana. Asteria aliyeyusha shabu, ile ile ambayo watu huitumia kutulizia maji machafu, kisha dawa nyingine ikawa inadondoka ndani yake tone kwa tone huku mapanga ya kukorogea yanazunguka. Maji yaliyokuwa angavu yaligeuka meupe kama uji mwepesi, na weupe ule ndio michembe. Ukiharakisha matone, inashikana mabonge inazama chini, na siku yako imepotea. Asteria alituambia kwamba mwenye maabara yoyote anaweza kutengeneza chembe kama hizo kwenye glasi. Shughuli iko katika kuzitengeneza kwenye pipa, leo na kesho na mwezi ujao, zifanane. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea: kujua bomba lidondoshe kwa mwendo gani, mapanga yazunguke vipi, joto lisipande kupita wapi. Niliona ni kama kupikia watu wa harusi ugali mmoja usio na bonge, na nilipomwambia hivyo alikubali.

Chungu kilichoiva kilizamishwa kwenye uji ule, kikakaushwa kivulini, kisha kikarudi kwenye tanuri kwa moto wa pili, moto wa upole, ili michembe ishike kwenye kuta za vile vitundu. Moto wa pili ndio uliotunyima raha. Ukipungua, michembe inatoka na maji. Ukizidi, inayeyukiana, inarudi kuwa kiazi. Tanuri lilikuwa na kipimajoto chenye mkia mrefu wa chuma, na Asteria alikuwa anakitazama kama mama anayemwangalia mtoto mwenye homa.

Siku chungu cha kwanza kilipotiwa maji kikaanza kudondosha chini, wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje. Nilijisikia kama nimeonwa nikioga. Kwenye gulio habari ilikuwa imeshafika kwamba vyungu vya Mageni siku hizi vinavuja, na Eunice, Mungu amsamehe, hakukanusha.

Tukawa na vyungu kumi na viwili tayari. Ikaja taarifa kwamba wageni wa mambo ya maji watakuja kuvijaribu kwa macho yao. Wakiridhika, karakana inabaki kwetu na kila nyumba itapata chungu. Wasiporidhika, pipa na mapanga vinapakiwa gari vinakwenda wilaya nyingine iliyokuwa inavingojea. Pamba ilikuwa imeshavunwa. Onesmo akatuma neno kwa Suzana kwamba atafika siku hiyo hiyo, aone mwenyewe, ndipo aamue kuhusu mtoto. Hilo la pipa nilikuwa naweza kulivumilia. La mtoto lilinitoa jasho.

Kabla ya siku yenyewe Asteria alikwenda Shinyanga kuwapokea wageni. Alitusihi tusiguse kitu. Nikafagia karakana. Nikafagia tena. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufagia, nikavitazama vile vyungu. Vilikuwa vimefifia, vina ukakasi, vina unga unga mweupe, kama watoto walioamka bila kupakwa mafuta. Na wageni wanakuja.

Kwetu chungu kipya hakikabidhiwi kwa mgeni kikiwa kibichi hivyo. Chungu kinalishwa. Unapika mlenda mzito, unakipaka ndani na nje, unakipasha motoni kinywe, unakipaka tena, hadi kinyamaze. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kufunga kanga. Nikajiambia nitavilisha kidogo tu, kwa heshima. Vitaendelea kuchuja, ila vitachuja kwa adabu. Eunice aliniuliza kama Asteria ameruhusu. Nikamjibu kwamba Asteria ni mtoto wa watu, amesoma vizuri sana, ila hajafundishwa mambo ya wageni.

Nikavilisha. Mkono ukikumbuka kazi yake hauulizi kichwa. Hadi jioni vyungu vyote kumi na viwili vilikuwa vinang'aa.

Wageni walifika asubuhi kwa gari mbili. Mkubwa wao alikuwa baba mnene mpole anayejifuta shingo. Vyungu vilikuwa vimepangwa juu ya stuli, kila kimoja na ndoo tupu chini yake. Asteria alivitazama, akakunja uso kidogo, nadhani akafikiri ni mwanga wa asubuhi. Maji ya kisima yakamiminwa. Tukangoja. Onesmo alikuwa amesimama kwenye uzio wa minyaa, Nelly mabegani kwake, anatazama miti. Nikaona hata miti anaitazama kwa wasiwasi.

Tukangoja tena. Soda zikaisha. Mgeni mmoja akainama kuchungulia ndoo, akainuka, akatazama saa. Asteria alianza kuzunguka kutoka chungu hadi chungu. Mimi nilikuwa navihesabu kwa furaha, cha kwanza kikavu, cha pili kikavu, cha tatu kikavu, na kifua kikawa kinanijaa. Naapa, kwa dakika zile nilisahau kabisa tunafanya nini pale. Nilikuwa Mhunze, nimekaa pembeni ya gazeti langu.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita. Nikasema, "Wageni wetu, mnajionea wenyewe. Hata tone."

Asteria akaja polepole kwenye chungu kilichokuwa karibu nami, akakisugua kwa kidole, akanusa kidole.

"Mama Suzana, hiki ni nini?"

"Mlenda," nikasema, bado na fahari kidogo.

Halafu nikayasikia maneno yangu mwenyewe, na fahari ikaondoka ikaniacha nimesimama peke yangu mbele ya watu wenye chupa tupu za soda. Vitundu vyote tulivyovitoboa kwa jasho, na michembe yote iliyodondoshwa tone kwa tone, nilikuwa nimevifunga kwa mboga.

Asteria aliwaeleza wageni kilichotokea bila kunitaja jina, jambo ambalo halikusaidia, kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama. Yule mkubwa alikuwa mtu mstaarabu. Alisema wanaelekea Mwadui kwa shughuli nyingine na watapita tena keshokutwa wakirudi. Wakikuta maji yanachujwa, sawa. Wasipokuta, gari la kuchukua vifaa litakuja nyuma yao. Kisha wakala kuku wangu aliyekuwa anataga, na walimsifia sana.

Walipoondoka nilikwenda kukaa nyuma ya tanuri. Kutoka pale nilisikia Onesmo akimwambia Suzana akunje nguo za mtoto. Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niliumia, sitaki kulizungushia maneno. Niliona mgongo wangu utakavyokuwa mwepesi, nikauchukia wepesi huo. Nikanyanyuka nikachukua mchi wa kutwangia udongo, nikaenda kwenye vile vyungu nivivunje vyote, angalau nisivione vikining'aria.

Onesmo alikuwa anapita na Nelly. Akasimama. Akautazama mti wa karibu.

"Nelly, mwambie bibi yako aweke mchi chini," akasema. "Kwetu Rwamgasa mchanga uliokwisha oshwa hatuutupi. Tunauita marudio. Dhahabu bado imo, ni mkono wa kwanza tu ndio ulioshindwa kuitoa."

Nikamwambia Nelly amuulize baba yake kama Rwamgasa wanaosha dhahabu kwa mlenda. Lakini mchi niliuweka chini. Asteria, aliyekuwa amejiinamia kwenye ngazi ya karakana, aliinua kichwa. Akalirudia lile neno, marudio, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akaanza kuongea haraka, nusu na sisi, nusu peke yake. Michembe haijatoka, alisema, imo chini ya mlenda. Mlenda ni majani, na majani yanaungua katika joto la chini kuliko lile linalorudisha michembe kuwa kiazi. Kati ya joto hili na lile kuna nafasi. Ni nyembamba, na tanuri letu la matofali lina tabia ya kuruka, lakini ipo. Tukivuka, vyungu vimekwisha, na vingine havitawahi kukauka kabla wageni hawajarudi.

Suzana akaacha kukunja nguo. Onesmo hakuondoka. Kesho yake asubuhi tanuri likawashwa kwa mabua ya pamba. Eunice alikuwa anatia mabua moja moja, Onesmo anafungua na kufunga tundu la hewa, Asteria macho kwenye kipimajoto, anatoa amri kwa kidole. Mimi nilipewa kazi yangu maalumu. Nilikalishwa kwenye kigoda mbali na tanuri, nikapakatishwa Nelly, nikaagizwa nimshike kwa mikono yote miwili na nisisimame kwa sababu yoyote. Hata mgeni akija. Huo ndio uliokuwa mchango wangu kwa sayansi ya nchi hii, kukaa kitako.

Msidhani ni kazi rahisi. Mara nne niliona moto unafifia, na kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kwenda kuongeza bua moja tu. Nikamkumbatia mtoto. Moshi wa mlenda ulioungua ukatanda kijijini, na watu wakaanza kupita wakiuliza ni nyumba gani imeunguza mboga. Wakielekezwa kwangu walisema aa, basi sawa.

Vyungu vilipopoa vikatolewa. Vitatu vilikuwa na ufa. Tisa vilivyobaki vilikuwa vya kijivu, vina madoa, vibaya kuliko chungu chochote kilichowahi kupita mikononi mwangu, na hakuna aliyeniruhusu kuvifuta hata vumbi.

Wageni walirudi kutoka Mwadui jua likiwa limeegemea. Safari hii sikuchinja kitu. Nilikaa kwenye kigoda changu, Nelly mapajani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenitangazia kwamba adhabu imekwisha. Maji yakamiminwa. Tukangoja, nami nikawa naomba kitu ambacho sikuwahi kukiomba tangu nizaliwe: Mungu wangu, vivuje.

Tone la kwanza nililisikia tumboni kabla ya masikioni. Ndoo ya bati haina siri. Likafuata la pili kwenye ndoo nyingine, kisha yakawa mengi, kila ndoo na mdundo wake. Asteria alikinga maji kwenye vichupa, akadondoshea dawa yake nyekundu. Maji ya kisima yaligeuka manjano, ndiyo dalili ya folaidi. Yaliyopita kwenye chungu yalibaki na wekundu wa waridi. Mkubwa wa wageni akaomba arudie. Akarudia kwenye chungu kingine, wekundu ule ule. Asteria hakumficha kitu, alimweleza kwamba michembe nayo inajaa, kwamba vyungu vitahitaji kuoshwa kwa dawa na kupimwa mara kwa mara, na kwamba hana uhakika bado vitadumu kiasi gani. Yule baba akajifuta shingo akasema pipa libaki.

Onesmo alichota kikombe kwenye ndoo. Akaja hadi kwenye kigoda, akachuchumaa akitazama ardhi, akamnywesha mtoto. Nelly akanywa nusu, nusu ikatumwagikia sote.

"Nelly," akasema, "mwambie bibi yako, unabaki."

Nikacheka. Yalikuwa ni machozi yaliyokosea njia yakatokea mdomoni. Na Nelly, akiniona nacheka, akacheka pia. Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe, kama siku zote, na hapo hapo nikauona mkono wake mdogo unapanda pamoja na wangu, kwa mwendo ule ule, kidole kwa kidole. Maji yalikuwa yamepona. Mkono ule haukutoka kwenye maji.

Nikauvuta mkono wangu chini, nikaukalia. Nikacheka mdomo wazi, mbele ya wageni, mbele ya Eunice ambaye angelifikisha hilo gulioni, na mbele ya mkwe wangu, ambaye kwa bahati mbaya ndipo alipokuwa ameinua uso. Akayaona yote, ya juu na ya chini. Akakimbilia kutazama miti, maskini, lakini alikuwa ameshachelewa.

Nelly aliduwaa. Akausogeza ule mkono wake uliokuwa njiani, akautia kinywani mwangu, akagusa jino moja kwa ncha ya kidole.

"Bibi, kahawia," akasema.

"Ndiyo, mama. Kahawia."

Akaona ni jambo la kuchekesha sana. Akacheka tena, meno yake yote meupe nje, na mkono wake, kwa kuwa ulikuwa bado mdomoni mwangu, haukuwahi kufika kwake.